Hita ya wati 2000 inakula yuniti ngapi?

Wakuu, niko Uyole, Mbeya, baridi ya Juni imeanza kuuma. Hita ya wati 2000 nikiiwasha kwa muda wa saa 3 kila usiku, LUKU (umeme wa kulipia kabla) itahimili?

Jibu 1: Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 2000 mara saa 3 ni yuniti 6. Kwa T1 (bei ya kawaida ya umeme), kodi ikiwemo, yuniti ni takriban shilingi 356, kwa hiyo 2,136 kwa usiku, kama 64,000 kwa mwezi. Uko D1 (bei nafuu ya watumiaji wadogo)? Kikomo ni yuniti 75 kwa mwezi, na hita peke yake inazimaliza siku ya 13. Ya mafuta au ya feni, wati zikilingana joto ni lilelile, usidanganywe dukani. Ziba kwanza upenyo wa chini ya mlango, ndipo themostati (swichi inayozima hita joto likitosha) itazima mapema.

Jibu 2: Naongezea, mkuu: usitumie ekstensheni ya waya mwembamba. Hita hiyo inavuta karibu ampia 9. Plagi ikilegea kwenye soketi inachemka, plastiki inageuka kahawia kuzunguka matundu. Ukiona hivyo zima, badilisha soketi.

Jibu 3: Kama ni kulala tu, blanketi la umeme la wati 100 kwa saa 8 ni yuniti 0.8. Jiko la mkaa chumbani, hapana kabisa; hewa yake inaua.