Tupeane uzoefu: lenzi za zamani za skrubu kwenye Leica ya dijitali

Wakuu, habari za jioni. Wenye kamera za renjifainda za dijitali (zile unazolenga kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha, si kupitia lenzi) mnaozifunga lenzi za zamani, naomba kila mtu asimulie yaliyomkuta. Naanza mimi.

Nina Leica M8 ya mtumba. Lenzi za Leica zenyewe sikuziweza bei, nikachukua Jupiter-8 ya Kisovieti, 50mm f/2, na adapta ya M39, yaani skrubu ya lenzi za zamani. Kazi ya kwanza ya maana ikawa harusi ya binti wa shangazi yangu, hapa Tanga. Bibi harusi kakaa kama mita moja mbele yangu. Nikazilinganisha zile taswira mbili kwenye jicho lake mpaka zikawa moja, apacha (tundu la mwanga la lenzi) iko wazi yote, nikabonyeza. Kuja kufungua kwenye kompyuta, jicho limefifia na hereni ndiyo inayoonekana vizuri. Picha kumi na moja, zote hivyo. Iliniuma sana, maana saa ile hairudi.

Tena mabuibui meusi ya akina mama yalitoka zambarau! Hilo nimelipatia dawa: sensa ya M8 hupokea infraredi nyingi, ule mwanga usioonekana kwa macho, na vitambaa vyeusi vya sintetiki huirudisha. Filta ya UV/IR ya 40.5mm, inayoizuia, imelimaliza. Fokasi ndiyo bado.

Fundi Pete
Pole, mkuu. Macho yako hayana kosa. Jupiter-8 inatokana na Sonnar ya Zeiss, na Wasovieti walifuata kipimo cha urefu wa fokasi cha kamera za Contax, karibu 52.4mm. Renjifainda ya Leica inategemea 51.6mm. Mbali zinakubaliana, ila ukisogea karibu fokasi inaangukia nyuma ya ulipolenga. Kwenye SLR, kamera ya kutazama kupitia lenzi yenyewe, ungeliona kosa kabla hujabonyeza, lakini M8 haitazami kupitia lenzi. Yangu niliipangia vibiriti mshazari kwenye meza, nikalenga cha katikati, kikatoka safi cha nyuma yake. Dawa ni kuongeza kipete chembamba sana chini ya kiini cha lenzi. Ujue tu kwamba ukiirekebisha kwa karibu, mbali utalazimika kukaza apacha mpaka f/5.6 au zaidi.

Bint Forodhani
Mimi kilio changu ni kuvu. Nilikuwa na Canon 50mm f/1.8 ya skrubu, nzuri mno kwa jua la asubuhi hapa Unguja. Niliitunza kwenye mfuko wake wa ngozi, ndani ya kabati, nikijua naiheshimu. Masika yalipokwisha nikaimulika kwa tochi: nyuzi kama za buibui juu ya kioo. Ngozi hushika unyevu, jamani. Fundi alisafisha kuvu, lakini ilikuwa imeshakula koti la kioo, na jua likiwa mbele picha inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Sasa zote zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na silika jeli, chembe za kufyonza unyevu, ninayoikausha kila ikibadilika rangi. Tafadhali wa Pwani, msingoje.

Msafiri wa Mutrah
Kutoka Muscat: msifanye ubahili kwenye adapta. Lenzi ya M39 hukaa 28.8mm kutoka kwenye sensa, ya M (mdomo wa Leica hizi) hukaa 27.8mm, kwa hiyo adapta iwe milimita 1 kamili. Yangu ya kwanza ilileta pia flemu (mistari ya mpaka wa picha kwenye kidirisha) za lenzi za 28 na 90 badala ya 50. Nikapanga picha za mwezi mzima kwa flemu isiyo yake.

Mwenye uzi
Fundi Pete, nimevipanga vibiriti usiku huu. Nimelenga cha nne, kimetoka safi cha tano. Nimefungua lenzi, nikakata kipete kwenye karatasi ya alumini, nikarudisha, nikapima tena mara tatu. Cha nne. Kesho asubuhi namwomba bibi harusi anikalie tena dirishani, na hereni zake zilezile.