Mwanangu ana ugonjwa wa moyo na hatakiwi kulia. Nitamkanyaje?

Mama wa Langoni, Amu

Asalam alaykum. Nina watoto watatu. Huyu wa mwisho ni wa kiume, anakaribia miaka minne, na moyo wake una kasoro tangu kuzaliwa. Daktari alituandikia Tetralojia ya Fallot: kuna tundu baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya damu ya kwenda mapafuni imebana, mshipa mkuu umekaa juu ya lile tundu, na msuli wa upande wa kulia umenenepa kwa kusukuma kwa nguvu. Anatumia propranololi na yumo kwenye foleni ya kupasuliwa Nairobi.

Hayo ya dawa tunayafuata. Linaloninyima usingizi ni malezi. Akilia sana midomo na kucha hugeuka rangi kama aliyekula zambarau, anapumua mbio mbio, mara nyingine analegea. Basi nyumba nzima haithubutu kumliza. Nyanyake hataki hata asikie anakanywa. Akitaka simu anapewa, akitaka halua badala ya wali anapewa. Juzi amemuuma dadake mkono mpaka damu ikatoka, na aliyeambiwa anyamaze ni dadake, mtoto wa miaka saba. Usiku akaniuliza, "Mama, na mimi nikiugua nitaruhusiwa kuuma watu?"

Chuoni nako, anakotakiwa kusoma Kurani, mwalimu ameogopa kumpokea, asije akamkosoa akazimia mikononi mwake.

Nataka mwanangu akipasuliwa akapona awe mtu wa kukaa na wenzake. Nyinyi mliolea watoto kama huyu, mliwakanya vipi? Tafadhali msiniambie ni jini. Kombe amekunywa na dua hatuziachi.

Mama Naima, Malindi

Waalaykum salaam dadangu, pole sana. Naima wangu alikuwa na hiyo hiyo Fallot, akapasuliwa, sasa yuko darasa la sita na anatembea kwa miguu kutoka Shella mpaka shuleni. Lakini kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa kama yenu. Babu yake alikuwa akimkimbilia na biskuti kabla hajafungua mdomo.

Mambo mawili tulikuwa tunayachanganya: kumtuliza na kumpa. Kumtuliza ni lazima, tena haraka. Akianza kulia namnyakua, mgongo wake kifuani pangu, namkunja magoti mpaka yaguse kifua chake, namsemesha polepole sikioni mpaka rangi irudi. Sikumwacha alie peke yake hata siku moja, wale wanaosema mwache alie atachoka hawajamwona mtoto akigeuka buluu. Lakini ile simu iliyomliza, rangi ikisharudi, haikutoka kabatini. Nampa maji, nampakata, simu hapana. Alipoona kilio hakimletei kitu, kikapungua chenyewe, na hilo ndilo lililonipa raha, kwa kuwa kilio kikipungua na moyo unapumzika.

Kazi kubwa ni wakubwa wa nyumba. Mmoja akitoa, wote mmefanya kazi bure. Mchukue nyanyake kliniki asikie kwa daktari mwenyewe, maana sisi mabinti zao hawatusikii.

Na usipigane naye kila kitu. Mimi nilishika machache: kuuma na kupiga, kushuka ufuoni peke yake, na dawa. Shati gani avae, alale upande gani, nilimwachia. Asubuhi akiamka, au akiwa na njaa, sikumkataza jambo kabisa. Saa hizo ndizo alizokuwa akigeuka buluu zaidi.

Huyo binti yako nimemwonea huruma. Akiumwa na nduguye mshike yeye kwanza, hata kama ni kwa mkono mmoja.

Muuguzi wa watoto, mzaliwa wa Faza

Alilosema Mama Naima la magoti ndilo tunalofundisha wodini. Mtoto akilia, pale chini ya njia ya mapafu msuli hujibana zaidi, na damu isiyo na oksijeni inapita kwenye tundu kwenda mwilini. Ukimkunja magoti unazibana njia za damu za miguuni, basi damu inasukumwa kurudi upande wa mapafu. Ndiyo maana watoto hawa hukimbia kidogo kisha wakachutama wenyewe. Mwambie dadake na kila anayecheza naye: akichutama, msimwinue.

Ila mama, kama rangi hairudi kwa dakika chache, au amelegea, amezimia, au amepata degedege, usingoje. Akiwa amekunjwa hivyo hivyo apelekwe hospitali, na usiku uwe unajua ni nani atakayekubebea. Tena hayo ya kulegea yaambie kliniki sasa hivi, usingoje tarehe yako. Daktari anahitaji kuyajua, huenda yakabadilisha dawa au nafasi yake kwenye foleni.

Propranololi isimpate na tumbo tupu, sukari yaweza kushuka. Siku anatapika au amekataa kula, piga simu uulize kabla ya kumpa. Kuharisha kwake si jambo dogo, damu yake ni nzito, akikauka maji inazidi. Mwanzishie ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, mapema na umpeleke hospitali. Jua la kaskazi pia, anywe maji.

Halua hiyo ipunguzeni. Jino bovu hupitisha vijidudu kwenye damu vikaenda kukaa moyoni, kwa hivyo mswaki asubuhi na usiku, na daktari wa meno aambiwe habari ya moyo kabla hajagusa kitu. Na kwa vile ni wa kiume: kama bado hajatahiriwa, asiitiwe ngariba nyumbani. Liulizeni kliniki kwanza, lifanywe hospitali.

Baba wa Mkomani

La chuoni nilipitia. Niliomba kliniki barua fupi, nikaenda nayo kwa mwalimu baada ya Alasiri, mtoto nikiwa naye. Nikamwonyesha anavyokunjwa magoti, mwalimu akajaribu mwenyewe mbele yangu. Hofu yake ilikuwa kutojua la kufanya. Tukapatana akae karibu na mlango, asichapwe, na mimi nipigiwe simu. Anasoma mpaka leo.

Mama wa Langoni, Amu

Mungu awalipe. Kliniki nitapiga simu kesho asubuhi, sikujua kuwa kulegea kunaweza kubadilisha foleni. La tohara mmenishtua, maana ami zake wameshaanza kupanga likizo ya Desemba, itabidi babake aongee nao. Baba wa Mkomani, hiyo barua aliiandika daktari wa moyo au ya kliniki ya kawaida inatosha?

Baba wa Mkomani

Ya kliniki ya kawaida ilitosha, ila hakikisha ina muhuri na namba ya simu. Toa nakala mbili, ya pili iweke kwa shule ya chekechea.