Tuliokulia Kigoma na Tabora: tupeane uzoefu, kitu gani cha utotoni hakijakutoka mpaka leo?

Mtoto wa Reli
Wakuu, salaam. Jana nimepita sokoni hapa Dar, mama mmoja kafungua gunia la dagaa wa Kigoma, ile harufu ikanifanya nisimame kama niliyeitwa. Mzee wangu alikuwa reli, tumekaa kota Tabora, baadaye akahamishiwa Kigoma. Mchezo wetu ulikuwa kulaza misumari relini. Treni ikishapita unaokota kisu chako kimebapa, bado cha moto. Mama akikiona unachapwa, kesho unarudi. Na nyie mwageni zenu.

Binti Ujiji
Umenikumbusha mbali. Sisi shati la shule lilikuwa na madoa ya mawese Januari mpaka Desemba. Jioni tunapasua mise, zile kokwa za michikichi, kwa mawe, vidole vimevimba, hela ya mise ndiyo ya daftari. Wageni wakija kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, tunawakimbilia. Miembe iliyopo pale inasemwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani waliokutana chini yake, lakini sisi mgeni akituuliza mwembe wenyewe, tunamwonyesha wa jirani yetu kwa sababu ulikuwa na kivuli kizuri zaidi. Anapiga picha, anashukuru, anaondoka.

Gungu Stendi
Hahaha, kuna picha za mwembe wa jirani yenu ziko Ulaya ukutani.

Kasulu Juu
Mimi nawashangaa. Mnasifia dhiki. Kuni kichwani kabla jua halijatoka, mtoni na ndoo, shuleni viboko. Nani anatamani kurudi huko? Tuangalie mbele.

Gungu Stendi
Hujalazimishwa kuchangia.

Kasulu Juu
Na wewe hujalazimishwa kunijibu.

Mzee wa Bangwe
Tulieni. Kukumbuka si kutamani kurudi. Mimi vile viboko navikumbuka vizuri sana, ndiyo maana wanangu sijawahi kuwachapa. Ningevisahau ningekuwa mkali kama baba yangu bila kujua nimeitoa wapi hiyo tabia. Kitu kingine, usiku wa giza ukienda ufukweni unaona taa za karabai za wavuvi ziwani, zimejipanga hadi unadhani kuna mji ng'ambo. Mbalamwezi ikitoka hakuna kuvua, dagaa hawaifuati taa. Ndiyo tulivyojifunza kuhesabu mwezi, kwa mboga kukosekana nyumbani.

Katonga Moja
Na ile meli ya Liemba je? Ikipiga honi darasa zima shingo dirishani. Babu alisema ilitengenezwa hapa hapa Kigoma.

Mjuaji wa Mwanga
Acha kupotosha, ile ni ya Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913.

Katonga Moja
Babu yangu unamwita mwongo?

Mzee wa Bangwe
Wote mko sahihi. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa masanduku hadi Dar, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuitwa Liemba. Babu alichokiona ni kweli alikiona, au aliambiwa na aliyekiona.

Mama Wawili
Nimekuwa nasoma tu kimya, ila mmegusa habari za meli, acha niseme langu.

Tulikuwa tunakwenda kwa bibi mzaa mama, kusini huko kupita Mgambo. Hakuna gati. Meli inasimama ziwani usiku, inapiga honi, mitumbwi inakuja kutoka vijiji viwili vitatu na kugombania ubavuni. Waliozoea wanajua. Kelele, magunia, kuku, watu wanashuka wengine wanapanda mlango huo huo. Mama ana mdogo wangu mgongoni na begi mkononi. Mtu akanishika kwapani, akanipa mwingine, huyo naye akanipa mwingine, nikawekwa juu ya gunia. Nikajua mama anafuata.

Mtumbwi ukajaa, wakaanza kupiga kasia. Nikageuka, namwona mama bado yupo mlangoni chini ya taa, anashuka kwenye mtumbwi mwingine kabisa. Nikaita. Kwa kelele zile nani anisikie! Naiona kanga yake inazidi kuwa ndogo.

Wale watu wakaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikasema nakwenda kwa bibi. "Bibi yupi?" Nikasema bibi. Sikumjua kwa jina lingine! Wakaangua kicheko, mimi nikazidi kulia. Baba mmoja mvuvi akasema, "Kutakucha, mwanangu." Akanipeleka kwake. Mkewe akaniosha miguu, akanipa ugali wa muhogo na mgebuka, nikalazwa mkekani katikati ya watoto wake.

Asubuhi mama akaja kwa miguu kupitia ufukweni, na mjomba. Alinizaba kibao kwanza. Ndipo akanikumbatia.

Gungu Stendi
Duh!

Binti Ujiji
Kibao cha nini tena jamani, mtoto kakosa nini?

Mzee wa Bangwe
Kile kibao ni cha woga. Mama zetu walikuwa hivyo.

Kasulu Juu
Ule mgebuka uliula au ulilia tu?

Mama Wawili
Niliumaliza, nikaomba mwingine 😂

Katonga Moja
Dada, yule mvuvi ulishamtafuta?

Mama Wawili
Jina lake silijui. Mama anamwita "yule baba" mpaka leo.

Mzee wa Bangwe
Muulize mama vizuri wiki hii hii, na uandike. Mjomba naye kama yupo. Mimi baba yangu alikwenda na majina yote, sasa nikiulizwa ukoo natazama chini.

Mjuaji wa Mwanga
Mwache. Ukifika na sukari na mchele, kila mzee pale atakwambia ni yeye aliyekulaza.

Gungu Stendi
Basi wape wote, tatizo liko wapi?

Katonga Moja
Nenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Barabara ya Ilagala ipo, ila ukiingia kwa gari hutakumbuka kitu. Sehemu ile inatambulika ukitokea majini.

Binti Ujiji
Usiende masika tu.

Isevya Kwetu
Samahani, kichwa cha uzi kimeandikwa Kigoma NA Tabora. Mmeshatuacha stesheni? Hakuna aliyepiga mawe maembe ya barabarani akakimbizwa? Hakuna aliyekwenda shule na matobolwa mfukoni?

Mtoto wa Reli
Matobolwa yale makavu yaliyokatwa mabichi?

Isevya Kwetu
Hayo ni michembe! Matobolwa viazi vinachemshwa kwanza, ndiyo vinakatwa na kuanikwa. Na wewe unasema umekaa Tabora?

Mtoto wa Reli
Kota za reli tulikula wali, mkuu.

Kasulu Juu
Huyu Tabora alipita usiku, amelala ndani ya behewa.