Ukisimamisha kazi kwa kuhofia hatari, saa zilizopotea alipe nani?

FundiPampu (mwenye mada)

Wakuu, kila meli ya mafuta na kila mtambo wa gesi siku hizi una lile bango la kiganja chekundu: mfanyakazi yeyote ana mamlaka ya kusimamisha kazi akiona hatari. Sina ugomvi na bango. Swali langu ni la baadaye, ukishainua huo mkono: zile saa zinaandikwa kwenye hesabu ya nani?

Nieleze yaliyonikuta. Nilikuwa fundi wa pampu melini. Tulitakiwa kuingia tangi la balasti, lile la maji ya kuipa meli uzito, tuangalie vali kabla hatujafunga gati. Kipima gesi kilisoma oksijeni asilimia 20.9 pale mdomoni, kama hewa ya kawaida, safi kabisa. Lakini mpira wa kuvuta hewa ya chini ulikuwa umepasuka, kwa hiyo kule chini, ambako ndiko tungefanya kazi, hatukuwa tumepima. Anayejua matangi anajua kwamba kutu inakula oksijeni kimyakimya. Mdomoni hewa inaweza kuwa nzuri na chini mtu akadondoka kabla hajaita. Nikasema siingii.

Hakuna aliyenifokea. Afisa wa zamu alisema "sawa, ndio utaratibu", akaandika. Mpira mwingine ulipatikana baada ya saa tano. Tukapima chini: 20.9. Yaani hatari haikuwepo. Mkataba wangu ulipoisha sikuitwa tena. Sababu sikuambiwa, na siwezi kuapa kwamba ni hiyo. Ila wenzangu wa safari ile walishajifunza somo lao.

Hoja yangu ni kwamba saa za kusimama ziwekwe kwenye mkataba mapema, kiasi fulani kila mwezi, zilipwe na mwenye mzigo bila maswali. Haki isiyo na fungu la fedha ni pambo la ukutani.

Mkodishaji

Pole kwa yaliyokukuta, lakini pendekezo halishikiki. Nipo upande wa mikataba, niseme kinachotokea. Meli iliyokodishwa kwa muda ikisimama kwa hitilafu yake, kodi inakatwa na mwenye meli anaumia. Iliyokodishwa kwa safari, siku za kupakia na kupakua zikizidi, mkodishaji ndiye anatozwa. Chombo cha kuchimba kwenye kina kirefu kodi yake inafika mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Hakuna saa isiyo na mwenyewe.

Ukiweka saa za bure, zitatumika. Mtu kachoka, "naona hatari". Mvua imenyesha, "naona hatari". Mwisho wa mwezi zikibaki, zitatafutiwa sababu. Na mamlaka tayari yapo: SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unakataza mwenye meli, mkodishaji na kampuni inayoiendesha kumzuia nahodha kuamua jambo la usalama. Mpelekee nahodha.

ZamuYaUsiku

Mkodishaji, unaongea kama vile mtu akiogopa atabisha hodi kwa nahodha na kukaribishwa chai.

Tuiangalie Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililoungua Julai 6, 1988, Bahari ya Kaskazini. Watu wengi wanaikumbuka kama hadithi ya kibali cha kazi (karatasi ya kuruhusu matengenezo) kilichopotea, na ni kweli. Kulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana mafundi walifungua vali ya usalama ya pampu A, wakaziba tundu kwa bamba ambalo halikukazwa sawasawa. Kama saa nne kasoro robo usiku pampu B ikazima ikagoma kuwaka. Zamu ya usiku ikakuta kibali kimoja cha pampu A, cha matengenezo ambayo hayajaanza. Kibali cha vali kilikuwa kingine, hawakukiona. Wakaiwasha A, gesi ikavuja pale kwenye bamba, ikalipuka.

Sasa jiulize kwa nini waliharakisha. Pampu zote mbili zikilala, uzalishaji mzima unalala na umeme wa jukwaa unafuata. Hakuna aliyewaelekezea bastola. Saa ndiyo iliyowasukuma. Na moto ulipokwisha kuwaka, majukwaa jirani ya Claymore na Tartan, yaliyounganishwa kwa mabomba na Piper, yalichelewa kufunga. Kufunga ni gharama kubwa, na wenye uwezo wa kufunga walisita huku wakiuona moto kwa macho. Walikufa 167.

Hapo hakukukosekana mamlaka. Aliyekosekana ni mtu wa kuwahakikishia kwamba kesho hawataulizwa "mlifunga kwa ruhusa ya nani?"

Kapteni Mstaafu

Vijana, habari zenu. Nimesoma yote. Mmechanganya vitu viwili.

Pampu unaweza kuizima ukakaa pembeni ukafikiri. Tangi litakusubiri mpaka kesho. Meli iliyo njiani haina breki. Dali, meli ya makontena, pale Baltimore, Marekani, Machi 26, 2024, ilipozimikiwa umeme ndipo ikawa hatari, ikalibomoa daraja na mafundi sita wa barabara waliokuwa juu wakafa. Baharini mara nyingi kusimama ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo msije na bango la kiwandani mkadhani linatosha chumba cha usukani.

Kinachotuua sisi ni kutosikilizwa. El Faro, meli ya mizigo ya Marekani, ilizama Oktoba 1, 2015 na watu 33, kwenye kimbunga Joaquin. Kinasa sauti kilipotolewa chini ya bahari, kikaonyesha kwamba usiku ule maafisa wa zamu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimpigia nahodha kumwambia njia ya kusini ingekuwa nafuu. Meli ikaendelea na njia ileile. Mwingine atasema wangegeuza usukani wenyewe. Anayesema hivyo hajawahi kuwa afisa wa tatu saa tano usiku.

Na kabla yake, Herald of Free Enterprise, feri ya abiria na magari, Machi 6, 1987, nje ya Zeebrugge, Ubelgiji. Iliondoka na milango ya mbele wazi, ikalala ubavu, wakafa 193. Manahodha wa kampuni walikuwa wameshaomba taa pale usukani ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Taa tu! Ofisini ombi lile lilijibiwa kwa kejeli. Tukio hilo ndilo lililosukuma kutungwa kwa kanuni za ISM, za kimataifa za usimamizi wa usalama melini, zilizoanza kuwa lazima Julai 1998, na leo mabaharia wanalia kwamba ISM imekuwa milima ya fomu. Nami nalia nao. Lakini msisahau fomu zile zilianzia kwenye taa iliyonyimwa.

Sheria_Kidogo

Shikamoo Kapteni. Niongeze kitu ambacho Mkodishaji kasema hakiwezekani.

Sheria ya mazingira ya kazi ya Norwei inampa mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi, anayechaguliwa na wenzake, haki ya kusimamisha kazi yenye hatari ya mara moja kwa maisha au afya. Halafu sheria hiyohiyo inasema waziwazi kwamba hadaiwi fidia ya hasara itakayoipata kampuni kwa sababu kasimamisha. Hapo swali la "alipe nani" limejibiwa kwa kipengele kimoja. Nchi ile inachimba mafuta baharini tangu miaka ya 1970 na haijafilisika.

Hata mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka mtu aliyejitoa kwenye hatari kwa sababu za msingi alindwe asipate madhara. Angalia neno: sababu za msingi. Haisemi lazima hatari iwepo kweli. FundiPampu hakuwa na kipimo cha chini. Hiyo ni sababu ya msingi, hata kama baadaye kilisoma 20.9.

Mkodishaji

Mwakilishi wa Norwei ni mwajiriwa mwenye kazi ya kudumu na chama nyuma yake. Baharia anayeajiriwa kwa miezi tisa kupitia wakala, sheria hiyo inamfikia wapi? Kutomwita tena siyo kumfukuza. Hakuna mahakama itakayoiona.

ZamuYaUsiku

Mkuu, hapo umetusaidia sisi.

Mpya_Hapa

Samahani kwa kuingilia. Mimi naona tatizo ni yale mabango ya "siku 900 bila ajali". Nilipofanya kazi mtambo mmoja, mwenzetu alipondeka kidole, akapewa kazi ya ofisini wiki nzima ili isihesabiwe siku iliyopotea. Tukapata kofia za zawadi.

Kapteni Mstaafu

Umegusa penyewe, mwanangu. Aprili 20, 2010 wakubwa wa kampuni mbili walikuwa juu ya Deepwater Horizon, chombo cha kuchimba mafuta Ghuba ya Mexico, kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumpotezea mtu siku ya kazi. Siku hiyohiyo walipokuwa wakikijaribu kisima, bomba la kuchimbia lilikuwa na mgandamizo wa paundi 1,400 kwa inchi ya mraba mahali palipotakiwa kuwa sifuri. Wakatafuta maelezo ya kuifanya namba ile ikubalike, wakayapata, wakaendelea. Usiku kisima kililipuka, wakafa 11. Ile rekodi ya miaka saba ilikuwa ya kweli. Ilikuwa inahesabu vidole na migongo, kisima hakikuwemo.

FundiPampu

Nashukuru. Mkodishaji, nimekuelewa kwenye saa za bure. Nikikaa nikafikiri, hata mimi ningezitafuna. Basi naligeuza pendekezo. Saa zisiwekwe kwa mfanyakazi. Kila kampuni itakiwe kumwonyesha mkaguzi waliosimamisha kazi mwaka huu, na wangapi kati yao wameitwa tena mkataba uliofuata. Namba mbili tu. Meli ya watu 20 ambayo mwaka mzima hakuna aliyesimamisha chochote, mimi ningeianza hiyo kuikagua.

Mkodishaji

Watasimamishana kila Ijumaa ili namba ipendeze. Lakini ya pili, ya kuitwa tena... hiyo ni ngumu kuidanganya. Nitaifikiria.

Kapteni Mstaafu

Fundi, swali moja. Ule mpira wa kuvuta hewa uliopasuka, ulikuwa umeombwa kabla?

FundiPampu

Mara mbili, Kapteni. Jibu lilikuwa tusubiri bandari inayofuata.