Naomba ushauri: doa la mafuta na alama ya maji kwenye kurasa za kitabu

Wakuu, habari za leo. Niko Moshi. Kitabu ni cha karatasi nzito isiyong'aa, kimeshonwa kwa uzi, na kurasa kama 12 zina madoa ya aina mbili.

La kwanza ni mafuta ya kupikia. Nimepaka poda ya mtoto pande zote mbili, tishu nyeupe juu na chini, kitu kizito saa 24, kisha nikapangusa kwa brashi laini. Mara tatu. Doa limepungua, ila kivuli kinaonekana ukurasa ukishikwa kwenye mwanga. Je, nipitishe pasi ya moto mdogo juu ya tishu, bila mvuke? Nahofia joto likizidi mafuta yatasambaa na karatasi igeuke njano.

Linaloniumiza zaidi ni ule mstari wa kahawia wa maji. Maji husukuma uchafu wa karatasi hadi ukingoni mwa sehemu iliyolowa, yakikauka unabaki pale. Ndiyo maana kufuta kipande kimoja kwa pamba yenye maji huzaa mstari mwingine. Jiki sitaki, inakula nyuzi za karatasi.

Aliyewahi kulowesha ukurasa mzima bila kufumua mshono, ulikaushaje usijikunje? Wino wa chapa nimeujaribu kwa kijiti cha pamba, hautoki. Wa kalamu ukurasa wa kwanza unatoka, huo siugusi. Na kwa unyevu huu wa masika, nisubiri kiangazi kwanza? Ukungu nauogopa kuliko doa.