Mjadala: Takwimu za wasio na kazi kutoka kwenye daftari la ofisi, tuziamini?

Mleta mada:
Wadau, tulijadili hili bila jazba. Kila serikali ikitangaza kwamba wasio na kazi wamepungua, mimi huuliza: wamepungua mtaani au kwenye daftari?

Msimamo wangu ni huu. Daftari la ofisi ya ajira halihesabu wasio na kazi, linahesabu wenye sababu ya kwenda kujiandikisha. Penye posho ya wasio na kazi watu hupanga foleni. Masharti ya posho yakikazwa, foleni inapungua na hakuna aliyeajiriwa. Pasipo na posho, nani apoteze nauli kwenda kuandikisha jina? Na aliyebahatika kupata kibarua harudi kulifuta, kwa hiyo daftari linaacha wengi nje huku likibeba wasiostahili kuwemo.

Angalieni Uingereza. Oktoba 1982 iliacha kuhesabu waliojiandikisha kutafuta kazi, ikaanza kuhesabu wanaodai mafao. Mwaka 1983 wanaume wa miaka 60 na zaidi wakaondolewa sharti la kuripoti ili walipwe, nao wakatoka kwenye hesabu. Wazee wale hawakupata kazi popote, kanuni ndiyo iliyobadilika.

Ujerumani nako, aliyejiandikisha akifanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki bado anahesabiwa hana kazi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), saa moja tu ya malipo inatosha kuitwa mwenye kazi. Mtu yuleyule, wiki ileile, majibu mawili! Mimi nasema wadadisi wagonge milango, waulize kaya.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umelionea daftari. Hao wadadisi unajua gharama yake? Marekani wanafuata kaya kama 60,000 kila mwezi, na bado sampuli hiyo haiwezi kukwambia hali ya kata moja. Daftari linaweza.

Tena umeitaja Uingereza ukaishia 1983. Mwaka 2023 waliokubali kujibu utafiti wao wa nguvu kazi walishuka chini ya asilimia 20, na Oktoba ofisi ya takwimu ikasitisha makadirio yake ya kawaida. Unajua pengo walilizibaje? Kwa rekodi za kodi ya mishahara na za wanaodai mafao. Utafiti ulipokwama, mafaili ndiyo yaliyookoa jahazi.

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania chombo wakati tatizo liko kwenye swali. Mdadisi anauliza: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au faida, hata kwa saa moja?" Kijana aliyebeba mzigo wa mtu Jumanne asubuhi akalipwa, kisha akakaa bure hadi Jumapili, atajibu ndiyo, maana ni kweli. Basi kashakuwa mwenye kazi. Jirani yake aliyechoka kuzungusha bahasha, hajatafuta kazi wiki nne sasa, anaandikwa yuko nje ya nguvu kazi, yaani hayumo kwa walioajiriwa wala kwa wanaotafuta. Wote wawili hawamo kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira. Afrika Kusini angalau wanatoa viwango viwili, na cha pili kinawaingiza wanaotaka kazi ila wameacha kutafuta. Kiko juu mno kuliko cha kwanza.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, mfano wa 2023 naupokea, ila tazama ni rekodi gani. Ya kodi ya mishahara inaaminika kwa sababu mwajiri anabanwa na sheria kuiwasilisha. Hiyo inahesabu walioajiriwa. Ukiipeleka pale ambapo wengi wanafanya kazi bila karatasi yoyote, utapata orodha safi ya watu wachache.

Mchangiaji wa pili, saa moja haikuwekwa kwa hila. Iliwekwa ili kila kazi, hata ndogo, iendane na hesabu za pato la taifa. Kosa ni kutumia kipimo hicho kujibu swali la nani anaishi kwa kazi yake. ILO yenyewe, kwa azimio la 2013, imeweka vipimo vya wanaofanya saa pungufu na vya waliokata tamaa. Vipo, sema kwenye taarifa ya habari kinasomwa kimoja tu, na hapo ndipo nalaumu wanasiasa na waandishi kwa pamoja.

Mchangiaji wa tatu:
Azimio hilohilo lina jambo mmeliruka. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani zamani alihesabiwa ana ajira, tangu 2013 hahesabiwi. Nchi yenye wakulima wengi wa namna hiyo ikihamia kipimo kipya, idadi ya walioajiriwa inaporomoka na hakuna aliyetupa jembe. Akisema hatafuti kazi, anatoka hata kwenye nguvu kazi. Daftari halimjui, na dodoso sasa linamweka kando. Mleta mada, huyu wewe unamhesabu wapi?