Serikali ikusanye rekodi za simu zetu kwa ajili ya usalama? Tujadili

Mleta mada: Wakuu, kila faragha ya mtandaoni ikitajwa lazima atokee wa kuuliza, "Kama huna baya, unaogopa nini?" Mwaka 2013 nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, zilionyesha kuwa shirika hilo lilikuwa likikusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu wasioshukiwa lolote: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Mwaka 2014 bodi ya serikali hiyohiyo inayosimamia faragha ilichunguza, isione hata uchunguzi mmoja wa ugaidi uliobadilishwa matokeo na mpango huo. Sasa tulivuliwa nguo kwa faida ya nani?

Mchangiaji 1: Unasema hivyo kwa sababu mwanao hajatekwa. Polisi wakiwa na namba ya mtekaji wakae tu? Halafu hizo ni rekodi, si mazungumzo. Unakuza mambo.

Mleta mada: Mtekaji ni mshukiwa. Waende kwa hakimu, wapate kibali, wamfuatilie yeye; hapo hatugombani. Ninachokataa ni kuzoa za wote kwanza, mshukiwa atafutwe humo baadaye. Na mtu akipiga kituo cha ushauri wa VVU, kisha bima, kisha wakili, unahitaji kusikia neno gani tena?

Mchangiaji 2: Mnabishania nia ya serikali, mlango wenyewe mmeusahau. Ugiriki, 2004 hadi 2005: mitambo ya kampuni ya simu ya Vodafone ilikuwa na uwezo wa kunasa simu, uliotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya dola. Wavamizi wakauwasha kimyakimya, wakanasa simu kama 100, ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis ikiwemo. Huyo naye alikuwa na baya gani?

Mchangiaji 1: Hilo la Ugiriki sina jibu. Ila mleta mada unakwepa kitu: huo mpango wa NSA ulikuwa na kibali cha mahakama! Hakimu wako alisaini.

Mleta mada: Alisaini, ndiyo. Kwenye mahakama ya siri iliyosikiliza upande wa serikali peke yake, kibali kimoja kwa wateja wote wa kampuni. Mimi nataka kibali chenye jina la mtu, na uchunguzi ukiisha mtu huyo aambiwe, ili aweze kushtaki. Wewe ungekubali masharti hayo?